Nafasi Moja, Novena Mbili



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba tutafakari pamoja swali ambalo kila mwisho wa mwaka linapita kwenye jumuiya zetu, ila mara nyingi tunaogopa kulisema kwa sauti. Mama wawili wanasali novena kwa Mtakatifu Yuda Tadei. Wote wawili wana binti aliyemaliza darasa la saba. Wote wawili wameomba shule ileile ya wasichana, na nafasi iliyobaki ni moja. Je, Mungu anasikiliza novena ya nani?

Usicheke. Ukipita ofisi ya parokia yoyote hapa Arusha kuanzia Septemba, mtihani wa darasa la saba ukishafanyika, utawakuta akina mama kwenye benchi, bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha mna fomu ya kujiunga, nakala ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo na picha za pasipoti. Wanasubiri barua ya paroko. Wakitoka hapo wanaingia kanisani, wanapiga magoti, na kila mmoja anataja jina la mtoto wake. Ni sala nzuri. Lakini ukiiangalia kwa makini, ndani yake kuna jambo gumu: mtoto wangu akipata, wa mwenzangu amekosa. Yaani bila kukusudia, tunamwomba Baba mmoja achague kati ya watoto wake.

Wazee wetu wa Kimeru na Kiarusha walijua kugawana kitu kisichotosha. Maji ya mfereji yanayoshuka kutoka mlimani waligawana kwa zamu: leo shamba langu, kesho shamba lako. Kiti cha darasani hakigawanyiki hivyo. Binti hawezi kusoma kidato cha kwanza Jumatatu, akampisha mwenzake Jumanne. Ndiyo maana shule hulazimika kuchagua, na sisi hulazimika kujiuliza kuchaguliwa maana yake ni nini.

Na watu wana sababu ya kuzipigania nafasi hizi. Shule za wasichana zilizoanzishwa na watawa na mapadre zina jina kubwa nchini: Precious Blood hapa kwetu Arusha, Kifungilo kule Lushoto, Marian kule Bagamoyo. Mzazi anajua binti atalala bwenini salama, atasoma usiku taa ikiwaka, na hatatembea kilomita nyingi asubuhi akisumbuliwa na watu njiani. Tatizo ni ada. Bweni, chakula na walimu vina gharama, na kwa mama anayeuza ndizi soko la Tengeru ada ya shule ya binafsi ni fedha ambayo hajawahi kuishika kwa pamoja maisha yake yote. Hapo ndipo zinapotafutwa zile nafasi chache za ufadhili.

Tunao mfano mkubwa hapahapa mjini. Shule ya St Jude ya Moshono ilianzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia, ikiwa na wanafunzi 3 tu. Leo wamepita 1,800, wanasoma bila kulipa ada kwa michango ya wafadhili, na mwaka 2020 ilifunguliwa pia sekondari yao ya wasichana. Familia nyingi za Arusha zinajua jinsi watoto wanavyochaguliwa: mtoto awe amefanya vizuri shuleni kwake, apite majaribio, kisha watu wa shule wafike nyumbani kuona kama kweli familia haina uwezo. Ni utaratibu wa haki kadiri wanadamu wanavyoweza. Hata hivyo mtihani unampima mtoto kwa siku moja, na mgeni anayetembelea nyumba anaona nyumba kwa saa moja. Hakuna shule duniani, hata iwe na nia njema namna gani, inayoweza kuona yote anayoyaona Mungu.

Sasa nieleze kwa nini swali hili limenikaa moyoni. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, upande wa chini ya Meru. Mwaka mmoja mabinti wawili wa jumuiya hiyo waliomba nafasi ya ufadhili katika shule moja ya wasichana. Mmoja ni binti wa dada yangu. Mwingine ni binti wa jirani yetu, fundi cherehani. Wamekua pamoja, wamesoma shule moja ya msingi, wote ni watoto wa Utoto Mtakatifu. Shule ilitaka barua ya jumuiya, na kazi ya kuandika ikawa yangu, mwenyekiti akisaini. Nilianza na ya binti wa jirani. Nilipofika kwenye barua ya binti wa dada, niligundua kwamba sina neno hata moja la kweli ninaloweza kumsifia huyu nisimsifie mwenzake. Barua zikatoka karibu sawa. Dada alizisoma zote mbili, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi, tumwachie Mungu."

Wiki chache baadaye simu ya dada ikaita. Aliyepata ni binti yake. Jumamosi kwenye sala ya jumuiya vigelegele vilipigwa, mama mmoja akasimama akasema, "Mungu ametenda!" na sote tukaitikia amina. Binti wa jirani naye alikuwepo, alipiga makofi kama wengine. Tulipokuwa tunarudisha mabenchi ndani, akanisogelea, akauliza taratibu: "Anti, kwani mimi sikusali vizuri?"

Nilimwambia, "Umesali vizuri sana, mwanangu." Lakini mtoto wa miaka 13 anastahili jibu refu kuliko hilo, na nadhani sisi vijana tunalihitaji pia. Maana leo ni shule, kesho ni ajira, keshokutwa ni ndoa. Mara nyingi tutakuwa wawili kwenye mlango wa mtu mmoja.

Kwanza tuyaondoe majibu mabaya. La kwanza linasema: aliyepata alisali zaidi, au alikuwa na imani zaidi. Jibu hili linafanya novena kuwa mnada, na Mungu kuwa dalali anayengoja nani atapandisha bei. Tukumbuke usiku ule wa Gethsemani. Bwana wetu mwenyewe aliomba kikombe kile kimwepuke, akaomba mpaka jasho likamtoka, na kikombe hakikuondolewa. Nani atathubutu kusema Yesu hakusali vizuri?

Jibu baya la pili linasema: sala haina kazi hapa, ni alama tu. Wasemao hivi wanafikiri sala ni jiwe unaloongeza kwenye mizani, na kama mizani haikusogea, basi jiwe lilikuwa bure. Lakini mtoto anayezungumza na baba yake hafanyi hivyo ili kupata kitu tu. Anazungumza kwa sababu ni baba yake. Baba wa kweli huwasikia watoto wote wawili, hata siku ambayo mezani kuna kipande kimoja.

Jibu la tatu ni lile letu la haraka: "Usijali, Mungu ana mpango wake." Ni kweli anao. Ila mpango huo sisi hatujaonyeshwa, na si haki kumwambia mtoto anayelia kana kwamba tumeusoma wote. Mara nyingi tunalisema neno hilo ili yeye anyamaze, na sisi tuendelee na chai.

Sasa tufungue Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Yuda Iskarioti ameacha kiti wazi kati ya wale Kumi na Wawili. Petro anasimama mbele ya ndugu wapatao 120 na kutoa sharti: anayefaa ni yule aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohane hadi siku Bwana alipopaa. Wakapatikana wawili. Mmoja ni Yosefu Barsaba, aliyeitwa pia Yusto. Mwingine ni Mathia. Wote wawili walitimiza sharti. Wakasali, wakapiga kura, kura ikamwangukia Mathia.

Hebu ona. Watu wawili, nafasi moja, na sala ya kweli. Na katika chumba kile, sura hiyohiyo inatuambia, alikuwepo Yuda mwingine, mwana wa Yakobo, ambaye Mapokeo yetu yanamtambua kuwa ndiye Yuda Tadei. Yule tunayemkimbilia na novena zetu aliona kwa macho yake jinsi nafasi moja ilivyotolewa mbele ya wawili wanaostahili. Nadhani anatuelewa vizuri kuliko tunavyodhani.

Maandiko hayasemi Yusto alikosa kwa sababu ya dhambi. Hayasemi Mathia alikuwa mtakatifu zaidi. Mathia alichaguliwa kwa kazi, awe shahidi wa ufufuko pamoja na wale Kumi na Mmoja. Kuchaguliwa kwake hakukuwa zawadi ya kumpongeza kwa kusali vizuri. Kulikuwa mzigo aliotwishwa kwa ajili ya wengine. Kisha geuza ukurasa usome sura ya pili: wote wakiwa pamoja mahali pamoja, Roho akawashukia, ndimi za moto zikamkalia kila mmoja wao. Kila mmoja! Kiti kilikuwa cha mmoja, moto ulikuwa wa wote. Yusto hakupata kiti, ila hakuna aliyemwambia atoke chumbani.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule binti, na ndilo jambo ninalotaka ulibebe leo. Nafasi ya shule si kipimo cha upendo wa Mungu. Barua ya shule inasema "umechaguliwa" na "hukuchaguliwa", na hiyo ni lugha ya ofisi, inahusu vitanda, madawati na fedha za wafadhili. Mungu alimchagua yule binti siku ya ubatizo wake, na uchaguzi ule hauna idadi ya viti.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumetoa maneno matamu tu. Imani hii ina madai yake, na nayaona matatu.

Dai la kwanza ni ukweli. Kama nafasi yangu inamgusa mtoto wa mwingine, basi sina ruhusa ya kuitafuta kwa uongo. Sote tunajua yanayofanyika. Siku wageni wa shule wanapokuja, runinga inahamishiwa kwa jirani, sofa linafunikwa turubai, baba mwenye mshahara anageuka "hayupo". Watu wanaona ni ujanja mdogo, hakuna aliyeumia, shule yenyewe ina wafadhili. Jamani, aliyeumia yupo, ila hatumwoni. Ni binti fulani wa Ngaramtoni au Usa River ambaye nyumba yao haikuwa na cha kuficha. Uongo huu unavunja amri ya nane, na kwa sababu unachukua cha mwingine, unavunja na ya saba. Heri kuandika fomu ya kweli ukakosa. Fomu ya kweli nayo ni sala, maana ndani yake unamwambia Mungu kwamba unamwamini hata mbele ya ofisi.

Dai la pili ni la yule aliyepata. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mwalimu na Mkatoliki mwenzetu, alipowasilisha bungeni Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1964, aliwafananisha waliopata elimu na mtu wa kijiji chenye njaa. Kijiji kimekusanya chakula chote kilichobaki kikampa huyo mmoja, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila akashiba, akabaki huko huko, amekuwa nani? Kila binti aliyeketi kwenye kiti cha ufadhili amekalia kiti ambacho wengine walikiombea. Hapaswi kuona aibu, wala kujiona bora. Anapaswa kujua kwamba anasoma kwa macho ya wengi, na siku atakaporudi kijiji kina haki ya kumwuliza umeleta nini. Hata likizo ya kwanza anaweza kuanza kulipa: daftari lake la hisabati lisikae ndani ya tranka wakati mwenzake anahangaika na hesabu zilezile.

Dai la tatu ni letu sisi jumuiya, na hili ndilo tunalolisahau. Mtoto akichaguliwa shule ya bweni, tunachangishana: tranka, godoro, ndoo, shuka, nauli. Ni vizuri. Mtoto anayekwenda sekondari ya kata tunamwambia "soma kwa bidii," basi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 sekondari ya serikali hadi kidato cha nne haina ada, na shule hizi za kata zimewafungulia mlango maelfu ya watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Tusizidharau. Lakini sare inanunuliwa, daftari zinanunuliwa, taulo za kike zinanunuliwa kila mwezi, na njia ni ndefu. Yule ambaye hakuchaguliwa na shule, kama hata jumuiya haimchagui, atajuaje kwamba Mungu amemchagua?

Kwenye jumuiya yetu jambo hili lilileta mjadala kidogo. Wapo waliosema mchango ni wa "yule wa bweni", ndiyo desturi. Mzee mmoja akauliza, "Kwani tulisali kwa ajili ya mmoja?" Watu wakatulia. Tukakubaliana mchango ugawanywe kwa mabinti wote wawili. Vijana wetu wa VIWAWA, pamoja na wale wa chuo wanaorudi likizo, wakaanza kisomo cha Jumamosi baada ya sala: hisabati na Kiingereza, kwa mtoto yeyote atakayekuja. Hatuna ubao mzuri, tunatumia ubao wa zamani wa katekista. Sitakudanganya kwamba kila Jumamosi wanakuja wengi. Wanakuja, inatosha.

Najua kuna kijana atauliza: je, shule za Kanisa zenyewe hazina dai? Zinalo, na Kanisa limelisema waziwazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwahimiza wachungaji na waamini kuwajali kwanza walio maskini wa mali, wasio na familia ya kuwategemeza na walio mbali na imani. Tarehe hiyo, kwa namna ya pekee, ni sikukuu ya Watakatifu Simoni na Yuda. Mwaka 1977 Roma ilitoa hati nyingine kuhusu shule Katoliki, ikirudia kwamba huduma hii ni ya maskini kwanza, na ikakiri kwamba mahali pengine uhaba wa fedha umezifanya shule hizo ziwe za wenye uwezo zaidi. Masista wanaoendesha shule wanajua maumivu haya kuliko sisi, kwa sababu wao ndio wanaosaini barua za "samahani". Badala ya kuwalaumu tu, tujiulize: parokia yetu imewahi kulipia hata nusu ya kiti kimoja? Pengine mwakani nafasi zingekuwa mbili.

Basi tusaleje, kijana mwenzangu? Endelea kumtajia Mungu jina la mdogo wako. Mwombe apate shule nzuri, mwombe aamke siku ya intaviu akiwa na utulivu, asisahau aliyoyasoma. Mtoto kumwomba baba yake si kosa. Ila usimalize novena bila kutaja jina la pili. Mtafute binti mwingine aliyeomba nafasi ileile, umjue kwa jina, umwombee mema yaleyale. Ukiona ulimi unakuwa mzito kwenye jina hilo, hapo ndipo sala yako inapoanza kufanya kazi, ndani yako.

Wiki hii fanya jambo moja dogo. Uliza kwenye jumuiya yako: nani alimaliza darasa la saba, na hakuna aliyempigia vigelegele? Nenda kamsalimie.

Tusali.

Ee Mtakatifu Yuda Tadei, wewe uliyekuwa chumbani siku kura ilipomwangukia Mathia, utuombee. Uwaombee mabinti wanaongoja majibu ya shule, waliopata wasijivune, waliokosa wasijidharau. Uwaombee wazazi wajaze fomu kwa ukweli. Uwaombee walimu na masista wanaochagua, mioyo yao isichoke kuwaona walio maskini. Na sisi vijana utuombee tuwe jumuiya ambamo kila mtoto anajua kwamba nafasi yake ipo. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.